Uliza Ujibiwe: Wanafunzi wa ughaibuni wanapotaka kusaidia watoto wa nyumbani

Barua za toleo hili zimetoka ng'ambo zote mbili: kwa wanaokusanya na kwa wanaopokea. Tumeziweka pamoja makusudi. Anayepanga safari kule aisome barua ya mwalimu wa Korogwe kabla hajakata tiketi.

Mhariri, salaam. Binti yangu na wenzake 12 wako sekondari hapa Columbus, Ohio. Wameanzisha klabu ya kusaidia shule ya msingi ya kijijini kwetu, wilaya ya Same. Wamekusanya dola 3,100 kwa kuuza sambusa na maandazi, na pesa ziko kwenye akaunti yangu. Je, ni lazima waandikishe shirika lao? Mama wa Wawili, Columbus

Mama, kabla ya habari ya kuandikisha, zitoe hizo pesa kwenye akaunti yako wiki hii. Hatusemi utazila. Pesa za watu zikikaa pamoja na mshahara wako huwezi kuthibitisha zipi ni zipi. Benki au mamlaka ya kodi ikiuliza, utakuwa na maelezo ya mdomo bila karatasi.

Mahali pa kuzihamishia ni pawili. Kama klabu inatambuliwa na shule, zinaweza kukaa kwenye akaunti ya shughuli za wanafunzi. Kama sivyo, tafuteni shirika mlezi, yaani shirika ambalo tayari lina hadhi ya 501(c)(3) (hisani iliyosamehewa kodi Marekani), liwapokelee michango, liwawekee hesabu na kuwatolea stakabadhi. Mashirika mengi ya namna hiyo hukata kati ya asilimia 5 na 10. Kwa dola 3,100 hiyo ni dola 155 hadi 310.

Sasa linganisha na kuwa na shirika lenu. Fomu fupi ya kuomba hadhi hiyo, 1023-EZ, ada yake ni dola 275, na inawafaa tu wanaotarajia kuingiza si zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka katika miaka mitatu na wenye mali isiyozidi dola 250,000. Anayezidi hapo hujaza fomu ndefu kwa dola 600. Ongeza ada za jimbo. Namba ya mwajiri, EIN, hutolewa bure na IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) yenyewe, kwa hiyo tovuti inayowadai pesa kwa ajili yake ni ya dalali. Baada ya hapo kuna ripoti ya kila mwaka. Kwa shirika dogo ni 990-N, kazi ya dakika chache mtandaoni, lakini mkikosa kuiwasilisha miaka mitatu mfululizo hadhi inafutika yenyewe. Hapo ndipo klabu nyingi za wanafunzi zinapofia. Mwanzilishi ameenda chuo, barua za IRS zinaenda anwani ya zamani, na hakuna aliyejua kwamba kuna kitu cha kujaza.

Ushauri wetu: kaeni chini ya shirika mlezi miaka miwili ya kwanza. Watu wazima washike akaunti na mikataba, kwa sababu aliye chini ya miaka 18 mara nyingi hawezi kufungwa na mkataba. Uamuzi wa nini kifadhiliwe waachieni vijana. Norway wamefanya hivyo tangu 1964 kupitia Operasjon Dagsverk. Wanafunzi hutoka darasani siku moja kwenda kufanya kazi, ujira wao huenda kwenye elimu ya vijana wa nchi nyingine, na mradi huchaguliwa na wanafunzi wenyewe.

Mambo mawili ya kodi mara nyingi huwakanganya watu. Aliyenunua sambusa amenunua sambusa. Ni kile alichotoa juu ya thamani yake tu ndicho mchango. Na anayetoa dola 250 au zaidi kwa mkupuo mmoja anahitaji barua ya shirika yenye kiasi alichotoa na tamko kama alipewa chochote badala yake. Vilevile shirika haliruhusiwi kuwa mfereji wa kumpitishia mtoto fulani pesa za mtoaji fulani. Bodi ndiyo iamue, iandikiane makubaliano na shule, na idai ripoti.

Mimi nina miaka 17, niko Leicester. Shule zetu tatu zimekusanya maboksi 140 ya vitabu, nguo na viatu kwa ajili ya shule mbili za msingi za serikali mkoani Lindi. Tunatafuta kontena. Tuanzie wapi? Kijana wa Leicester

Mdogo wetu, maboksi 140 ni kazi kubwa na tunaiheshimu. Lakini msikodi kontena bado.

Nauli ya meli ni sehemu tu ya gharama. Shehena ikifika Dar es Salaam au Mtwara kuna ushuru, ada za bandari, malipo ya wakala wa forodha na lori la kwenda kijijini. Siku za bure bandarini ni chache. Zikiisha, gharama ya kuhifadhi huhesabiwa kila siku, na mwenye meli naye hudai malipo ya kucheleweshewa kontena lake. Msamaha wa kodi huombwa na kuidhinishwa kabla mzigo haujafika, tena na taasisi yenye sifa ya kuuomba. Na anayedaiwa yote hayo ni yule ambaye jina lake liko kwenye hati ya shehena. Mkiandika jina la mwalimu mkuu, mmemtwisha deni mtu ambaye mshahara wake haulipi hata wiki moja ya uhifadhi.

Nguo za ndani za mitumba ni marufuku kuingizwa Tanzania. Zikichanganyika na mzigo mwingine, mzigo wote unaweza kuzuiwa. Na kwa nguo za kawaida, gulio lolote la Lindi lina mitumba tele iliyofika bila msaada wenu.

Vitabu ndivyo vinavyotuuma zaidi, kwa sababu hutolewa kwa moyo safi. Shule ya msingi ya serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, na vitabu vyake vya kiada hutolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania kufuata mtaala wa nchi. Kitabu cha hesabu cha Uingereza, chenye paundi na peni, mwalimu wa darasa la tatu hatakifungua. Kitakaa kwenye boksi ofisini, boksi litaliwa na mchwa, na mwalimu ataona haya kuwaambia. Sekondari, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza, riwaya na kamusi zina kazi, lakini nyinyi hamjaiahidi shule ya sekondari.

Fanyeni jambo moja. Mwombeni mwalimu mkuu bei ya vitu vitano kwenye duka la mjini kwake: daftari dazeni moja, kaunta buku, sare pea moja, viatu vyeusi vya shule, na kitabu cha kiada kimoja kwa mtoto. Mkishazidisha kwa idadi ya wanafunzi, wekeni hesabu hiyo kando ya gharama ya kontena. Kisha pelekeni maboksi kwenye gulio la Jumapili hapo Leicester, uzeni, mtume pesa. Duka la Lindi litauza, fundi cherehani wa kijijini atapata kazi ya kushona sare, na viatu vitamtosha mtoto kwa sababu alivijaribu mguuni.

Kuna vitu vinavyofaa kusafirishwa, navyo ni vile visivyopatikana kirahisi huku: mashine za kuandikia nukta nundu kwa watoto wasioona, vifaa vya usikivu vilivyoombwa na mtaalamu kwa mtoto aliyepimwa, darubini za maabara. Kompyuta mpakato za Uingereza zina bahati moja: plagi ya pini tatu na umeme wa volti 230 hadi 240 ni sawa na wa Tanzania, Kenya na Uganda. Printa iliyotoka Marekani ya volti 120 ikichomekwa huku bila transfoma huungua siku ya kwanza.

Mkitaka kuwa shirika: kwa England na Wales, muundo wa CIO (shirika la hisani linalojitegemea kisheria) unakubali mdhamini wa kuanzia miaka 16, kwa hiyo wewe unaruhusiwa kukaa kwenye bodi. CIO ni lazima isajiliwe na Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani huko, hata iwe ndogo. Miundo mingine hulazimika mapato yakizidi paundi 5,000 kwa mwaka. Faida yake kubwa ni Gift Aid: kwa kila paundi 1 ya mtoaji anayelipa kodi, serikali huongeza peni 25.

Shule yangu ina wasichana 240 na wavulana 225, na matundu 8 ya vyoo. Kikundi cha wanafunzi 18 kutoka Marekani kinasema kitakuja mwezi wa sita kwa siku 14 kutujengea matundu 4. Wananchi wamefurahi. Nijiandae vipi? Mwalimu Mkuu, Korogwe

Mwalimu, anza na hesabu yako, kabla ya tarehe yao. Mwongozo wa kitaifa wa usafi wa mazingira shuleni unataka tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Unahitaji 12 na 9, jumla 21, mbali na ya walimu. Upungufu wako ni 13. Waandikie hivyo hivyo, na useme kwamba ikiwa uwezo ni wa manne, yote manne yawe ya wasichana na yaambatane na chumba cha kujistiri chenye maji na kichomea taka. Choo bila chumba hicho hakimsaidii msichana wa darasa la sita kubaki shuleni siku zake.

Tatizo la pili ni siku 14. Zege la kufunikia shimo, kwa uwiano wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto, likiwa na nondo, humwagiliwa maji angalau siku 7 na hufikia nguvu yake kamili kama siku 28. Kabla ya zege kuna kuchimba na kujengea shimo ndani kwa matofali, hasa kwenye udongo wa mchanga, la sivyo kingo huporomoka mvua ya kwanza. Kikundi kinachofika siku ya kwanza shimo halijachimbwa kitaondoka na picha za ukuta wa kiunoni, na wewe utabaki na shimo wazi katikati ya uwanja wa watoto. Hilo ni hatari, Mwalimu. Usikubali shimo lianze kuchimbwa kabla pesa za kulifunika hazijawa kwenye akaunti.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Pesa zifike miezi mitatu kabla ya wageni. Mhandisi wa halmashauri aje kuona eneo: mita 30 au zaidi kutoka kisima, na kitako cha shimo kisikaribie maji ya ardhini. Wananchi watoe msaragambo wa mawe, mchanga na kuchimba, na thamani yake iandikwe kwenye makadirio kama mchango wao. Fundi wa kijijini alipwe kumwaga zege, kupandisha kuta na kuezeka. Bomba la hewa lipite juu ya bati kwa nusu mita na lifungwe wavu juu, maana bila wavu nzi hutoka na kazi yote ya bomba ni bure. Wageni wakute kazi ya kupaka rangi, kutengeneza vituo vya kunawia mikono na kupanda miti, chini ya fundi huyo huyo. Kijana wa miaka 16 ambaye hajawahi kushika mwiko hajengi ukuta wa kutegemewa. Hutokea fundi akaubomoa jioni na kuujenga upya, na tofali lililoharibika halirudi.

Malipo yaje kwa mafungu: asilimia 40 ya vifaa, 30 zege likishakomaa, 20 bati na milango vikishakaa, na 10 ya mwisho baada ya masika, mvua ikishaonyesha kama maji yanaingia. Zipite akaunti ya shule, zenye watia saini wake na stakabadhi, Mkurugenzi wa halmashauri akiwa na barua. Zisipite simu yako, hata mara moja, hata kwa haraka ya mifuko mitano ya saruji. Kamati ya shule ibandike mapato na matumizi ukutani.

Mwezi wa sita shule zinafungwa. Mara nyingi matokeo yake ni watoto kuitwa likizoni kuja kuimbia wageni, na wazazi wanaotegemea mikono yao shambani hunyamaza kwa heshima. Pendekeza katikati ya Julai, masomo yakiwa yameanza na mtihani wa Darasa la Saba wa Septemba bado haujakaribia mno. Viza ya utalii hairuhusu kufanya kazi, hata ya kujitolea bila malipo. Kibali cha ukaazi cha anayejitolea ni cha Daraja C, na kwa muda mfupi kuna pasi na viza nyingine ambazo kiongozi wa kikundi aulize Uhamiaji mapema. Wakikamatwa, atakayeitwa ofisini ni wewe.

Kuhusu watoto, andika masharti kabla hawajapanda ndege. Mgeni asikae peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Asimpe mtoto namba ya simu wala zawadi binafsi. Zawadi iende darasa zima au shule nzima, kwani mwanasesere mmoja kwa mtoto mmoja huzaa ugomvi unaobaki mwaka mzima. Wageni wasifundishe mahali pa mwalimu. Picha za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iko upande wako. Uso, jina na jina la shule visikae pamoja kwenye picha moja, na mtoto asipigwe picha akiwa mchafu au analia ili michango iongezeke. Mwambie kiongozi wao ajiulize kama angekubali mwanawe achapishwe hivyo Marekani.

Ukihofia kwamba ukisema haya wataondoka, jua kwamba kikundi makini hufurahi kupokea barua ya namna hii. Kinachokasirishwa nayo kingekuletea shida.

Nafundisha Toronto. Kituo cha watoto yatima huko nyumbani kinatuomba wanafunzi wetu wadhamini watoto 30, dola 35 kwa mwezi kila mmoja, na tukakae nao wiki mbili kila mwaka. Mnaonaje? Mwalimu wa Toronto

Mwalimu, tunakuomba usiende hivyo. Save the Children ilikadiria mwaka 2009 kwamba angalau watoto 4 kati ya 5 walio kwenye vituo duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Kinachowapeleka pale mara nyingi ni umaskini: pale kuna chakula na shule, nyumbani hakuna. Dola zikifuata idadi ya vitanda, vitanda hujazwa. Australia ilizungumzia biashara hiyo ya watoto wa vituoni ilipotunga sheria yake ya utumwa wa kisasa mwaka 2018, na Kenya mwaka 2022 ilizindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia.

Wiki mbili za mapenzi nazo zina gharama. Mtoto mdogo humzoea mgeni, humwita dada, kisha dada huondoka. Mwaka ujao anakuja mwingine. Mtoto anayemrukia kila mgeni na kumkumbatia huonekana mchangamfu, lakini hiyo mara nyingi ni dalili ya mtoto asiye na mtu wake wa kudumu.

Dola 35 kwa watoto 30 ni dola 12,600 kwa mwaka. Ulizeni kituo: leseni yenu iko wapi, kila mtoto aliletwa kwa amri au kupitia ustawi wa jamii, na wangapi wamerudishwa kwa ndugu mwaka uliopita? Wakijibu kwa karatasi, wapeni pesa za kumwajiri afisa wa kufuatilia familia. Wasipojibu, mwone Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Anazijua kaya ambazo bibi analea wajukuu wanne, nyingi zimo kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Sare, godoro, chakula cha mchana shuleni na mbuzi wawili humbakiza mtoto kwa bibi yake.

Tuko Muscat, wanafunzi wa asili ya Pemba. Tunataka kuchangisha kwenye makundi ya WhatsApp kwa ajili ya madrasa ya huko. Inafaa? Wanafunzi, Muscat

Msitume huo ujumbe. Oman kuchangisha umma bila kibali ni kosa kisheria, na kibali hutoka Wizara ya Maendeleo ya Jamii. WhatsApp haiwatoi nje ya sheria hiyo. Pitieni jumuiya ya hisani yenye leseni na muiombe iupokee mradi wenu. Upande wa pili pia angalieni: Zanzibar ina usajili wake wa asasi, kwa hiyo cheti cha NGO cha Tanzania Bara hakiifanyi asasi kuwa halali Pemba.

Viongozi wetu wa klabu ya chuo, Minnesota, wanahitimu Mei. Mwaka juzi tulipoteza miezi mitano kwa sababu hakuna aliyekuwa na nywila. Tufanyeje? Katibu

Wachagueni wapya Januari, makabidhiano yamalizike Machi. Kwa hizo wiki kumi kila kiongozi afanye kazi na mrithi wake: mkutano mmoja mpya anaendesha, wa zamani anatazama; ripoti moja mpya anaandika, wa zamani anasahihisha. Barua pepe ziwe za cheo na zisiwe za mtu, na nywila zikae kwenye programu ya kuhifadhi nywila ambayo mlezi mtu mzima anaifungua. Badilisheni watia saini wa benki kabla ya mahafali, kwa sababu baada ya hapo mtu yuko jimbo lingine.

Daftari la makabidhiano liwe na kurasa zisizozidi sita: tarehe ya 990-N (kwa mwaka wa kalenda ni Mei 15, wiki ile ile mnayohitimu), salio, ahadi mlizotoa na bado hamjazitimiza, na jina la cheo, si la mtu, mnayewasiliana naye kule. Ahadi ndizo za kuandikwa kwa wino mzito. Kama mlimwambia mwalimu mkuu kwamba chakula cha mchana kitaendelea hadi Novemba, pesa za hadi Novemba ziwe benki kabla kiongozi hajavaa joho, na yeye mwenyewe ampigie simu mwalimu kumtambulisha anayekuja.